Mtaji wa Beseni Moja

Ngalawa na mashua zirudipo ufukweni Bagamoyo, wanawake huwa wamekwisha fika na mabeseni yao. Hununua samaki mnadani, huwakaanga, kisha hushika njia kuwatembeza nyumba kwa nyumba, penye kazi za ujenzi na kwenye vituo vya magari. Huko bara, katika njia kuu ya Morogoro, wenzao wa Chalinze na Ubena Zomozi husimama kando ya barabara na matunda na mayai ya kuchemsha, wakingojea basi lipunguze mwendo. Bidhaa zao ni mbalimbali, lakini wote wana jambo moja: duka lao ni miguu yao.

Wapo watu waionao kazi hii kuwa ni ya kupotezea wakati mpaka ipatikane kazi ya kweli. Sisi hatukubaliani nao. Twasema kwamba mchuuzi huyu ni mfanyakazi kamili, na kwamba kinachomrudisha nyuma si uvivu wala ujinga, bali ni kwamba mtaji wake wote ni wa siku moja.

Na tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mama mmoja amenunua samaki wa shilingi 40,000, akatumia mafuta na kuni za shilingi 8,000, na jioni amepata shilingi 60,000. Faida yake ni shilingi 12,000. Humo watoka ugali wa watoto, nauli na daftari la shule. Shilingi 48,000 zilizobaki si zake kuzila, maana ndizo zitakazomsimamisha mnadani kesho. Siku mvua ikinyesha kutwa, samaki wakaharibika, au beseni likanyang'anywa, amepoteza faida ya siku 4 nzima. Tena siku 4 ambazo hapana hata mmoja nyumbani aliyekula. Mwenye duka akipata hasara hiyo hufungua mlango kesho yake. Mchuuzi huyu hana mlango wa kufungua.

Wanaodharau uchuuzi wa akina mama yafaa wakumbuke historia. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipozunguka mitaa ya Dar es Salaam kuwaandikisha wanawake katika TANU, aliwapata maelfu kwa muda wa miezi michache. Wengi wao walikuwa wenye kupika na kuuza vyakula na pombe. Walikuwa na fedha zao wenyewe za kulipia kadi, na walikuwa wakijuana mtaa kwa mtaa. Basi beseni la vitumbua limo katika msingi wa Uhuru wetu.

Hata hivyo, njia ya mchuuzi haikunyoka tangu hapo. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wengi wa mjini waliokuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogo walihesabiwa kuwa hawana kazi, na wako waliokamatwa wapelekwe mashambani. Mwaka 2018 mambo yaligeuka: vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilitolewa kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya wachuuzi katika miji, wahame kando ya barabara waende mahali palipotengwa.

Utaratibu ni jambo jema, wala hatutetei kuziba njia za watu na magari. Lakini yawapasa viongozi wa halmashauri watambue kwamba biashara ya kutembeza hula kwa wapita njia. Kumwondoa mama mahali watu wapitapo na kumpeleka uwanjani wasikofika wateja si kumpanga, ni kumfunga. Na kumnyang'anya bidhaa kwa kosa dogo ni kumtoza faini ya mtaji wake wote. Ipo haja ya adhabu kulingana na kosa.

Msaada nao upo. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya, na ikarejeshwa mwaka 2024. Akina mama wa pwani na wa Chalinze wasiiache ipite. Waungane, wachague mwekahazina mwaminifu, na mkopo uingie katika biashara: sanduku la barafu ili samaki wasilazimike kuuzwa kwa bei ya kutupa, au baiskeli ya kufikia vijiji vya mbali. Mkopo uliokwenda katika sherehe hurudi nyumbani kama deni.

Nao wenyewe wana wajibu wao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama atenge vifuko viwili, kimoja cha mtaji na kimoja cha faida, na asiruhusu cha kwanza kuguswa ila kwa msiba mkubwa. Na sisi wanaume, waume na ndugu, tuache tabia ya kukiona kifuko hicho kuwa ni benki ya nyumba. Anayekopa mtaji wa mkewe jioni amelizuia beseni lisitoke asubuhi.

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hula mchana kwa mikono ya wanawake hawa. Tuwalipe siku hiyohiyo tulapo, kwani deni letu la mwisho wa mwezi ni samaki wao wa kesho.