Hatari Iliyo Juu ya Paa za Kambi

Askari aliyefunzwa hathubutu kulipiga bomu la ardhini kwa nyundo. Lakini sisi wenyewe tuliwahi kusimama katika kambi moja, siku ya pili baada ya dhoruba, tukiwapiga picha vijana wa fatiki waliokuwa wakiyavunja kwa nyundo mabati ya kijivu yaliyong'olewa na upepo, vumbi likiwafunika hata kope. Tuliandika kwamba hicho ni kielelezo cha kujitolea. Mabati yale yalikuwa ya asbesto, na sisi hatukuuliza.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua. Kwa sifa hiyo yalichanganywa na saruji kufanya mabati na mabomba, yakatiwa pia katika breki na klachi za magari. Nyuzi hizo zikivutwa kwa pumzi hukwama mapafuni. Huzaa ugonjwa wa mapafu kukakamaa, na saratani ya mapafu au ya utando wake. Nao huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Aliyevunja bati akiwa kuruta ataugua akiwa mstaafu, wala hapana atakayeikumbuka ile fatiki. Mvutaji sigara yumo hatarini zaidi.

Bati la asbesto ni nene, zito, halilii kama chuma, na likivunjika huenda likaonyesha nyuzi ukingoni. Hata hivyo jicho halithibitishi; maabara ndiyo ithibitishayo. Katika majengo ya zamani, yafaa kila bati la saruji lihesabiwe kuwa la asbesto mpaka maabara ikanushe.

Familia zilalazo chini ya bati zima zisiingiwe na hofu. Hatari huanza pale linapotobolewa, linapokatwa kwa msumeno au kukwanguliwa. Hapana budi watu waondolewe, bati liloweshwe maji, lifunguliwe na kushushwa zima, lifungwe ndani ya plastiki nene, kisha lipelekwe mahali palipoidhinishwa. Leso puani haizuii kitu. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani: wako wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za waume zao. Na mafundi wa karakana waache kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, mazoea tuliyoyaona mara nyingi.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1986, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataka kazi ya kubomoa asbesto ifanywe na wenye ujuzi waliotambuliwa na mamlaka. Kwa hiyo si kazi ya fatiki, wala si adhabu ya kumpa askari mtovu wa nidhamu. Ndugu zetu wa Polisi, ambao nao wanaishi katika majengo ya zamani, yawahusu vilevile.

Picha ile tungali nayo. Vijana ni tisa. Tumeanza kuyatafuta majina yao, ili siku ile iandikwe katika faili zao za afya.