Binti akinyamaza msimu wa ukeketaji, msikilize

Desemba shule zikifungwa, wapo mabinti wa Tarime na Serengeti wasioifurahia likizo, maana wanajua kinachowasubiri. Wengine hukimbilia Kituo cha Masanga, Tarime, au nyumba salama ya Mugumu chini ya shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly.

Aliyenusurika kisu bado anaweza kuumia moyoni. Mzazi, angalia: hapati usingizi, hataki kula, anashtuka usiku, anajitenga, anasema bora afe. Hiyo si jeuri wala mapepo. Usimwambie "utazoea". Kaa naye, muulize taratibu, msikilize bila kumkatiza. Kumuuliza kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga. Vitisho vya kumkeketa vipeleke Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998.

Akisema anataka kujidhuru, usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu za shambani, kisha mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Usingoje kikao cha ukoo.