Mtoto Asiyetulia Darasani

Hakuna mwalimu wa skuli zetu za Unguja na Pemba asiyemjua mtoto huyu. Hamalizi hesabu aliyoianza, hujibu swali kabla ya kwisha kuulizwa, na bakora ya jana haikumtuliza leo. Chuoni nako habari ni hiyo hiyo. Hatimaye huacha masomo, akaonekana bandarini akichukua mizigo ya watu, nasi tukasema kuwa ni mtukutu aliyekosa malezi.

Maneno hayo, kwa maoni yetu, humdhulumu mtoto na mzazi wake pia. Mnamo mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kutuliza mawazo yao. Leo hali hiyo yajulikana kuwa ni tatizo la ukuaji wa ubongo, mara nyingi la kurithiwa, na hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Basi darasa la watoto 60 laweza kuwa nao watatu. Na mmoja wao pengine ni msichana akaaye kimya akitazama dirishani, ambaye hashitakiwi na yeyote kwa kuwa hamsumbui mtu.

Si kila mtoto mchangamfu ana tatizo hili. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12, hudumu si chini ya miezi 6, tena huonekana nyumbani na skuli pia. Masikio na macho yapimwe kwanza, kwani asiyesikia vyema naye hatulii.

Mwalimu aweza kuanza kesho bila ya gharama yoyote: amkalishe mbele, ampe agizo moja kwa wakati, kazi ndefu aigawe vipande, amtume kufuta ubao au kugawa madaftari ili apate kunyanyuka, na amsifu papo hapo amalizapo. Dawa zipo, lakini hizo ni za kuamriwa na daktari na zahitaji uangalizi wake.

Yaliyobaki yako mikononi mwa Serikali. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeyatanguliza maslahi ya mtoto. Hivyo twawaomba wakuu wa Elimu na wa Afya wakae pamoja, somo hili lifundishwe kwa kila anayesomea ualimu, na kabla ya muhula ujao mzazi wa Micheweni, sawa na wa Makunduchi, atangaziwe ni hospitali gani, na siku gani, ampeleke mwanawe akachunguzwe.