Mali Ipi ya Kampuni Hutolewa Zaka?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kila mwaka wafanyabiashara huwauliza maimamu: kampuni yangu itoe Zaka kiasi gani? Wapo wanaotoa katika faida peke yake, wakawapunja maskini haki yao. Wapo pia wanaojumlisha mali yote iliyomo vitabuni, wakajitwisha wasichotwishwa na sheria. Dawa ya makosa yote mawili ni kuijua mizania.

Mizania ni hati ya hesabu inayoonyesha mali na madeni ya kampuni katika siku maalumu. Wahasibu hugawa mali mafungu mawili. La kwanza ni mali za kudumu: jengo, gari, mashine, rafu. Hizi ni za kufanyia kazi, haziuzwi, hivyo hazina Zaka. La pili ni mali za mzunguko: bidhaa za kuuza, fedha taslimu na za benki, na fedha tunazowadai wateja. Humu ndimo ilimo Zaka. Kinachotenganisha ni nia ya kuuza, si jina la kitu. Lori la kubebea saruji halina Zaka. Malori ya mwenye biashara ya kuuza malori yana Zaka.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Jengo ni shilingi milioni 60, lori milioni 40, rafu na kompyuta milioni 5. Bidhaa zimeandikwa milioni 24, fedha ni milioni 8, na wadaiwa wenye uwezo wa kulipa wana milioni 7. Jumla ni milioni 144. Kampuni inadaiwa milioni 5, na faida ya mwaka ni milioni 12.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Vitabu huandika bidhaa kwa bei ya kununulia, lakini katika fiqhi bidhaa huthaminiwa kwa bei ya soko siku hawli inapotimia. Tuseme bei hiyo ni milioni 30. Basi 30 + 8 + 7 ni milioni 45. Ukiondoa deni hubaki milioni 40, na Zaka yake ya asilimia 2.5 ni shilingi milioni 1. Aliyetoa katika faida angetoa 300,000 tu. Aliyejumlisha vyote angetoa milioni 3.6.

Njia hii si ngeni. Abu Ubayd (aliyefariki mwaka 224 Hijria) amepokea katika Kitab al-Amwal maelekezo ya Maymun bin Mihran kwa maana hiyo hiyo: thamini bidhaa, ongeza fedha na madeni ya uhakika, ondoa unachodaiwa, kisha toa Zaka ya kinachobaki. Ama katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafi, deni halizuii Zaka; hivyo hutolewa katika milioni 45, yaani 1,125,000. Muulizaji aelezwe kauli zote mbili.

Yote haya ni pale mali inapofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu. Anayefunga hesabu kwa mwaka wa jua atoe asilimia 2.577, kwani mwaka huo ni mrefu zaidi. Deni lisilotarajiwa kulipwa husubiriwa mpaka lipatikane.

Ndugu Muislamu, mhasibu hukupa tarakimu. Kuijua haki ya maskini iliyomo ndani yake ni juu yako. Wallahu aalam.