Ufa Huzibwa kwa Kinachoshika

Kila Mto Tana unapofurika, wakazi wa Garsen na vijiji vya bondeni hupatwa na adha mbili: maji yenyewe, na uchafu unaosafiri ndani yake. Mafuriko ya 2024 yalipoikumba kaunti ya Tana River, kipindupindu kilifuata.

Kwa hiyo shule inayojenga choo chenye tangi la plastiki la majitaka haina budi kutafakari jambo ambalo wengi hulidharau, yaani kile kinachoziba maungio ya mabomba. Kumwachia fundi atumie gundi yoyote iliyoko dukani ni kuwahatarisha watoto.

Gundi ya mabomba ya PVC huyeyusha ngozi ya plastiki hiyo, vipande viwili vikawa kimoja. Lakini matangi mengi hutengenezwa kwa polithini, jamii moja na plastiki ya jerikani, ambayo gundi hiyo haiiyeyushi wala silikoni haiishiki barabara. Mwenye shaka na amtazame fundi wa jerikani sokoni: yeye hupitisha chuma cha moto, plastiki ikayeyuka na kushikana. Tangi la namna hii lahitaji kiungo cha kukazwa kwa nati chenye mpira wa kuzuia maji, au lichomelewe kwa plastiki ya aina ileile.

Saruji nayo haifai. Udongo wa mfinyanzi wa delta huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kiungo kigumu huvunjika, ilhali mpira hunyumbuka. Isitoshe, tangi tupu lililozikwa huweza kuelea maji ya ardhini yapandapo, likang'oa mabomba. Sharti lifungwe kwenye msingi wa zege.

Watakuwapo watakaosema kwamba nati na mpira ni ghali kuliko kopo la gundi. Ni kweli. Lakini kiungo kinachovuja chini ya ardhi hakionekani, na kisima kilicho karibu ndicho kitakachotoa habari, tena kwa kuchelewa.

Walimu wa sayansi wanaweza kuanza leo. Wawape wanafunzi kipande cha jerikani na cha bomba la PVC, wavipake gundi, wangoje hadi kesho, kisha wavivute. Methali yatuhimiza kuziba ufa tusije tukajenga ukuta. Haikutuambia tuuzibe kwa nini. Hilo ni jukumu la elimu.