Mabinti wa Mara na Kazi ya Kushona Mikoba

Ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikafungwa na watoto wakarudi majumbani, katika wilaya za Tarime na Serengeti huanza majira ambayo wasichana wengi huyangojea kwa hofu. Ndiyo majira ya ukeketaji. Sheria ya nchi imeukataza tangu mwaka 1998, na mtu amkeketaye binti aliye chini ya umri wa miaka 18 aweza kufungwa kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15. Lakini sheria ni jambo moja na desturi ya ukoo ni jambo lingine. Msichana asiyekeketwa, ambaye Wakurya humwita omosagane, hudharauliwa na wenzake, na baba yake huambiwa kwamba mahari yake yatakuwa ng'ombe wachache. Utafiti wa taifa wa afya wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Idadi imepungua, lakini si kwa mwendo wa kutufurahisha.

Basi wako mabinti ambao, wakiona siku zakaribia, hukimbia. Wengine huenda usiku, kwa miguu. Tarime kipo kituo cha Masanga ambacho huwapokea mabinti kambini katika majira hayo. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014 chini ya Kanisa la Anglikana, na aliyeisimamia ni Bi. Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa huo huo, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13 na nusura afe kwa kutoka damu. Mwaka 2017 Bi. Rhobi alianzisha shirika lake la kuwasaidia wasichana na wanawake, lenye nyumba salama Mugumu na nyingine katika wilaya ya Butiama.

Msichana akiisha kupokewa, kupewa chakula na mahali pa kulala, swali linalofuata ni zito kuliko la kwanza: afanye nini? Majira yakipita, wazazi huitwa, polisi na ustawi wa jamii hushiriki, na wengi hurudi kwao kwa makubaliano yaliyoandikwa. Lakini wako ambao baba zao hukataa kuwapokea, na wako warudio nyumbani wakaonekana kuwa ni mzigo, maana ng'ombe waliotazamiwa hawakuja. Binti wa namna hiyo akikosa shule, yampasa awe na kazi mikononi. Ndiyo maana katika nyumba kama hizo hufundishwa ushoni.

Sisi twaunga mkono cherehani. Hata hivyo twapenda kusema neno ambalo aghalabu halisemwi. Mabinti wengi wanaofundishwa kushona huanza na gauni na sare za shule, kisha hupewa cherehani wakaambiwa waende wakajitegemee. Katika mji mdogo kama Mugumu au Tarime, kila baraza la duka lina fundi wake, na kila fundi ana wateja wake wa miaka mingi. Gauni lina mwenyewe kabla halijakatwa. Mwenye gauni sharti aje, apimwe, arudi kujaribu, arudi tena kulalamika kwamba bega limebana. Binti wa miaka 17, mgeni katika mji, asiyejulikana na mtu, nani atamletea kitambaa chake cha harusi akikate?

Mkoba ni kitu kingine kabisa. Hauna kifua wala kiuno. Hauhitaji mwenyewe awepo. Waweza kushonwa siku ya mvua ambayo hapana mteja hata mmoja, ukatundikwa ukutani, ukauzwa siku ya mnada. Ukiharibika mmoja umeharibika wako, si wa mtu. Kwa binti anayeanza bila mteja, sisi twaona mkoba ndio somo la kwanza, na gauni lifuate baadaye.

Wakati nao umesaidia. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wilaya ya Tarime iko mpakani, na wafanyabiashara wa Sirari waliuona mfuko ule ukikatazwa kwanza upande wa Kenya, kisha upande wao. Ni kweli kwamba mahali pake paliingia mifuko myepesi ya kiwandani ambayo bei yake ni ndogo, na fundi asijidanganye kwamba atashindana nayo kwa bei. Atashindana nayo kwa kudumu. Mama aendaye sokoni kila wiki ajua tofauti ya mfuko unaokatika mkono ukiwa na kilo tatu za viazi, na mkoba wenye bitana uliofuliwa mara hamsini. Tena wilaya ya Serengeti ina wageni waendao mbugani, wengine wakipita lango la Ikoma lisilo mbali na Mugumu, na hao hununua mkoba wa kitenge kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni uzuri wake.

Lakini kuuza kwahitaji mikoba inayofanana. Mwenye duka akikuomba kumi, wa kumi sharti uwe sawa na wa kwanza. Hapo ndipo kinapoingia kiolezo, yaani karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande, ambayo huwekwa juu ya kitambaa na kuzungushiwa chaki. Mafundi wetu wengi hukidharau. Hukata kwa jicho, nao hujisifu kwa hilo. Jicho la fundi wa miaka thelathini twaliheshimu, lakini halifundishiki kwa mwezi mmoja wa kambi. Karatasi yafundishika. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Massachusetts, katika Marekani, jina lake Ebenezer Butterick, alianza kuuza violezo vya karatasi vyenye vipimo mbalimbali, na kwa njia hiyo mama aliyekuwa nyumbani kwake, mbali na mji, aliweza kukata nguo kama fundi. Jimbo hilo hilo ndilo ambalo merikebu zake katika karne hiyo zilileta Unguja kitambaa cheupe cha pamba, hata kikaitwa marekani mpaka leo. Nasi twashauri mkoba wa kwanza wa kila mwanafunzi ushonwe kwa marekani, kwa kuwa kosa katika marekani ni rahisi kuliko kosa katika kitenge.

Cherehani imo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, na mabinti wengi walio likizoni hawana la kushona. Kwa hiyo tutaeleza kiolezo kimoja kwa ukamilifu, ili akitakaye akitumie, awe Mugumu au Mombasa.

Chukua karatasi ya kaki, au magazeti yaliyogundishwa. Chora kipande chenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 45. Katika pembe mbili za chini kata mraba wa sentimita 5 kila upande. Hicho ndicho kiwiliwili cha mkoba, na utakikata mara mbili katika kitenge na mara mbili katika bitana. Chora kipande cha pili, upana sentimita 10 na urefu 45; huo ni mkono, nao hukatwa mara mbili. Vipimo hivi vimekwisha kuhesabu nafasi ya mshono, sentimita 1 pande zote. Ukimaliza utapata mkoba wenye upana wa sentimita 28, kimo 38 na kitako 10, ambao watosha unga, mboga na kitabu cha mtoto.

Sasa tazama hesabu yake. Kitenge huuzwa aghalabu yadi 6, ambazo ni kama sentimita 548, na upana wake huzidi 110 kidogo. Viwiliwili viwili vikikaa bega kwa bega hula 80. Zabaki 30, ambazo hutoa vipande vitatu vya 10: mikono miwili, na kimoja cha ziada kwa mfuko mdogo wa ndani wa kutilia sarafu. Kwa hiyo kila sentimita 45 za urefu ni mkoba mmoja, na kitenge kizima ni mikoba 12, ambayo hula 540. Zabaki sentimita 8 tu. Akatae kwa jicho hapati 12 hata siku moja. Nacho kitambaa kikirudi kwa maji hata sentimita 10, mkoba wa kumi na mbili umekwenda. Hata hivyo twasema kifuliwe kabla ya kukatwa. Afadhali mikoba 11 ya heshima kuliko 12 itakayorudishwa na wenyewe ikiwa imejikunja kama jani kavu.

Wako watakaouliza kwa nini kiwiliwili kisikatwe kipande kimoja kirefu kikakunjwa chini, mshono mmoja upungue. Kwa kitambaa cha rangi moja, sawa. Lakini vitenge vingi vina ndege, maua au taa, na picha hizo zina kichwa na miguu. Ukikunja, upande mmoja ndege wamesimama, upande wa pili wamening'inia kama popo. Kanga yataka uangalifu zaidi, kwa sababu ina pindo, ina mji wake wa katikati, na ina jina. Neno la kanga likikatwa katikati, nusu yake ikabaki mkobani, laweza kusema jambo ambalo mshonaji hakulikusudia hata kidogo, na kwa kanga zetu tuzijuavyo, mwenye mkoba atagombana na jirani. Ama jina lote liingie, ama liachwe lote.

Mikono ikatwe kwa urefu wa kitambaa, kufuata ukingo, wala si kwa kukingama, maana nyuzi za urefu hazivutiki upesi. Kunja kila kipande mara nne kwa urefu, upate upana wa sentimita mbili na nusu, piga pasi, kisha shona kingo zote mbili. Viwiliwili viunge ubavuni na chini. Halafu zile pembe zilizokatwa zifunguliwe, mshono wa ubavu ukutane na mshono wa chini, zishonwe kwa kukingama. Hapo mkoba hupata kitako na kusimama wenyewe. Bitana hushonwa vivyo hivyo, ila chini yake huachwa tundu la sentimita 12. Mkoba ukiwa umegeuzwa uso wake nje, utie ndani ya bitana ambayo uso wake uko ndani, ili nyuso zitazamane. Mikono iwe katikati yake, ikielekea chini. Piga bandi kwanza kwa mkono, kisha zungusha mshono mdomo mzima. Vuta mkoba wote kupitia lile tundu, nalo ulizibe. Mwanafunzi aonapo kwa mara ya kwanza mkoba ukitoka katika tundu dogo namna ile, hucheka, na hufaa aachwe acheke.

Mahali mkono unapoingia mdomoni, cherehani ipite mara tatu, kwenda na kurudi, kwa sababu uzito wote wa mkoba unakaa hapo. Sindano ya namba 14 yafaa kwa kitenge, lakini katika mdomo ambapo vitambaa vimekuwa vingi, itie ya namba 16, au utavunja sindano na kumlaumu aliyetengeneza cherehani.

Jambo la bei limewashinda mafundi wengi kuliko jambo la kushona. Fundi huhesabu kitambaa, husahau bitana. Huhesabu bitana, husahau uzi, sindano na mafuta ya cherehani. Na siku zake mwenyewe hazihesabu kabisa. Binti awe na daftari. Bei ya kitenge aigawe kwa 11, si kwa 12. Aongeze bitana na uzi, aandike ameshona mikoba mingapi kwa siku, ndipo aseme bei. Na wale wanaowanunulia mabinti hawa kwa huruma twawaomba wasifanye hivyo zaidi ya mara moja. Mkoba uliolegea mshono urudishwe kwa aliyeushona, aufumue na kuushona upya. Mnunuzi anayenyamaza humficha fundi asijue kazi yake ilivyo, na mwenye duka hatanyamaza.

Wafadhili wa kazi hii nao tungewauliza jambo moja. Cherehani ya miguu ni nzito na ni ghali, na binti arudipo kijijini mwezi wa Januari mara nyingi haendi nayo. Aweza kuchukuliwa na kaka yake ikauzwa. Kwa nini basi asipewe kwanza kiolezo, mkasi mzuri, futi ya kupimia, chaki, na kitenge kimoja? Mkoba huu waweza kushonwa kwa mkono mtupu, mshono wa kurudi nyuma, kwa siku mbili tatu, nao ukadumu. Akiuza wa kitenge hicho, atanunua cha pili kwa fedha yake, na hapo kuzungumza naye habari za cherehani kutakuwa na maana.

Kiolezo chenyewe kisikunjwe, maana penye mkunjo huchanika na kipimo hupotea. Kitobolewe tundu juu kitundikwe msumarini, au kikunjwe mviringo na kufungwa uzi. Juu yake aandike kwa wino mambo manne: jina la kipande, hukatwa mara ngapi, upande upi ufuate ukingo wa kitambaa, na jina lake yeye mwenyewe.