NYOTA ZA RANGI: KWELI AU CHANGA LA MACHO?

Zamani mtoko ulikuwa disko, soda mbili na chipsi kuku. Siku hizi mambo yamegeuka. Mchizi wa Mafiga anaazima darubini, anamwita kimwana wake uani usiku na kumwambia, “Njoo mpenzi nikuonyeshe mawingu ya rangi huko angani.” Binti anafumba jicho moja, anachungulia, kisha anainuka na sura imemshuka. “Mbona naona kaukungu ka kijivu tu?” Ujiko wote unayeyuka hapohapo.

Msomaji wangu, kama yamekukuta, pole. Darubini ni nzima na macho ya bibie hayana ugonjwa. Mchawi ni ile picha iliyobandikwa kwenye boksi.

GIZANI YANGA INASHINDA

Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili za kupokea mwanga. Za kwanza, kama milioni 6, ndizo zinazojua rangi, ila zinataka mwanga wa kutosha. Za pili, kama milioni 120, ni walinzi wa usiku. Zinanasa hata mwanga kiduchu, lakini habari za rangi hazizijui.

Huamini? Umeme ukikatika, tundika jezi ya Simba na ya Yanga kwenye kamba ya nguo, halafu kaa gizani nusu saa. Ile nyekundu ya Msimbazi itakuwa kama nyeusi. Ile ya Jangwani utaiona kimtindo, ingawa nayo imegeuka kijivu. Wana Msimbazi msinirushie mawe! Jambo hili lilielezwa tangu karne ya 19 na mtaalamu wa Bohemia, Jan Purkyně. Jicho lililozoea giza linapokea vizuri mwanga wa kijani na bluu, na mwekundu linaupiga chenga.

Sasa yale mawingu ya angani, ambayo wataalamu huyaita nebula, mengi yanang’aa kwa gesi ya haidrojeni, na mwanga wake mwingi ni mwekundu. Yaani ni Simba watupu! Nebula iliyo kwenye upanga wa Jabari, umbali wa miaka-nuru kama 1,300, kwenye picha ni nyekundu kama waridi. Kwenye darubini unakutana na kijivu. Wengine huona ukijani kwa mbali, maana oksijeni iliyomo inatoa mwanga wa kijani.

KUBWA NDIYO DAWA?

Utasikia mtu anasema, “Nunua kubwa zaidi.” Taratibu, mshikaji. Darubini yenye kioo cha sentimita 20 inakusanya mwanga kama mara 800 kuliko mboni ya jicho. Lakini inapolikuza wingu, mwanga huo inautandaza. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, ladha haizidi. Utaona wingu kubwa na mikunjo yake, na ukubwa huo unalisaidia jicho kidogo kukisia rangi, lakini usitegemee miujiza.

Kamera ina bahati yake. Inaacha mwanga ujikusanye kwa dakika nyingi, hata saa nzima. Jicho letu haliweki akiba.

Halafu kuna rangi za kupangwa. Ile picha maarufu ya nguzo za gesi iliyopigwa na darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 ilipangiwa rangi: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu. James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, yenyewe hutazama zaidi mwanga ambao binadamu haoni kabisa. Huo si utapeli. Ni sawa na ramani ya shuleni yenye mikoa ya njano na ya pinki. Nani amewahi kupanda basi Msamvu akakuta mkoa mzima wa pinki?

RANGI ZA BURE HIZI HAPA

Usikate tamaa, rangi za kweli zipo. Nyota ni kidoa, hivyo darubini inaikoleza badala ya kuitandaza.

Mwezi Juni, anga likiwa safi, toka nje saa mbili usiku utazame kusini, upande wa Uluguru. Utauona Msalaba wa Kusini. Nyota yake ya juu ina wekundu. Zile nyingine tatu kubwa ni nyeupe zenye ubluu. Hapo hujatumia hata senti tano. Ukiwa na darubini, sogea karibu na nyota ya mkono wa kushoto ulikute Kasha la Vito, fungu la nyota za bluu na moja nyekundu katikati yao. Jirani na Msalaba kuna pia nebula ndogo iitwayo NGC 3918. Ni ndogo lakini kali, ndiyo maana inaonyesha ubluu wake. John Herschel aliiona akiwa Afrika Kusini mwaka 1834, na yeye hakuwa na kamera.

Masharti ni mepesi. Kimbia taa za barabarani na mbalamwezi, kaa gizani dakika 20 hadi 30, simu iwe mfukoni. Ukitafuta wingu hafifu, litazame kwa pembeni. Ukitafuta rangi, kodoa katikati. Na dukani, boksi likijigamba kukuza mara 500 huku kioo ni cha sentimita 6, achana nalo. Kioo hicho hakifiki mbali zaidi ya mara 120.

Nasema haya kwa sababu darubini nchini ni za kuhesabu. Moja ikitupwa juu ya kabati kwa hasira za usiku mmoja, mtaa mzima umekosa. Na hamu tunayo: tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, Mbeya, kutazama jua likipatwa hadi likabaki pete.

Kwa hiyo mchizi, kabla hujamwita bibie uani, mwambie ukweli. Mwambie kaukungu kale ka kijivu ni mwanga uliosafiri miaka 1,300 hadi kuingia kwenye jicho lake. Akikuuliza rangi iko wapi, mwonyeshe Msalaba.